Gari Moja, Rangi Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha Kurudisha Mng'ao wa Rangi Iliyochakaa

Usuli

Gari la kisa hiki ni saluni nyekundu ambayo umri wake umepita miaka 20, na muda wote huo limekuwa la mtu mmoja. Lililala nje, juani na mvuani, bila banda. Mwenyewe ni mama mtu mzima ambaye hakuwa na mpango wa kuliuza wala kulibadilisha. Injini ilikuwa nzima, viti vizima, ila rangi ilikuwa imekufa. Alipolileta karakana ombi lake lilikuwa fupi: ling'ae lote, na lisipulizwe rangi upya.

Historia ya rangi tuliipata kwa vipande. Miaka kadhaa nyuma, boneti na paa vilipauka kuliko sehemu nyingine, vikapulizwa upya mahali pengine. Baada ya hapo gari limepigwa polishi kwa mashine zaidi ya mara moja, kila mara boneti ikiwa ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotazamwa. Na kila wiki kijana anayeliosha alikuwa akilipangusa kwa tambara lenye dizeli ili liwake.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu gari moja lilibeba matatizo matatu yanayofanana kwa macho lakini yasiyotibika kwa njia moja. Ni rahisi sana kulishika gari la namna hii kama kazi moja: kampaundi moja (dawa kali ya kusugulia inayokata, yaani kuondoa, tabaka jembamba la juu la rangi), pedi moja, kuanzia boneti hadi buti. Ingefanyika hivyo, boneti ingeharibika siku ileile, na kipimo cha unene wa rangi kingekuwa kimemhakikishia fundi kwamba yuko salama.

Kila kinachoweza kulitambulisha gari au mwenyewe kimeondolewa. Vipimo vya rangi vimezungushwa kidogo, ila tofauti kati ya sehemu na sehemu imeachwa kama ilivyokuwa.

Hali ya gari lilipoingia

Kwa mtazamo wa haraka milango ilionekana afadhali kuliko boneti. Ilikuwa na wekundu uliokoza, unaonata kidogo ukipitisha kidole. Ile ilikuwa dizeli. Mafuta yoyote yakipakwa juu ya rangi iliyochakaa huingia kwenye vinyweleo na mikwaruzo midogo, mwanga ukapunguza kutawanyika, na rangi ikaonekana imekoza. Hali hiyo haidumu. Vumbi hunata kwenye mafuta, na tambara la siku inayofuata hulisugua vumbi hilo juu ya rangi. Kwa hiyo kijana aliyekuwa akijitahidi kulipendezesha gari ndiye aliyekuwa akilipiga msasa polepole, bila kujua na bila nia mbaya.

Kwa sababu hiyo hakikupimwa wala kuamuliwa chochote kabla ya kuosha. Huu ni utaratibu ninaousisitiza kwa kila anayejifunza kazi hii, maana uchunguzi unaofanywa juu ya mafuta, waksi ya zamani au polishi yenye vijazio vinavyoficha mikwaruzo ni uchunguzi wa kitu kingine kabisa.

Gari lilioshwa mara ya kwanza kwa sabuni ya vyombo. Kwa kawaida sabuni hiyo haifai kwa gari kwa kuwa inaondoa waksi inayolinda rangi, lakini safari hii kuondoa mafuta ndiyo ilikuwa nia. Baada ya hapo ikatumika shampoo ya gari kwa ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka kwenye bodi usirudi juu ya bodi. Ikafuata dawa ya kuondoa lami sehemu za chini, kisha dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau inapokutana na vumbi la breki. Mwisho ukapitishwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiwa na maji ya kuteleza ya kutosha, mpaka kiganja kilichovikwa mfuko mwepesi wa plastiki kikawa kinapita juu ya bodi bila kuhisi chembe.

Gari lilipokauka, milango ilikuwa imegeuka rangi ya waridi iliyofifia. Ukipitisha kidole kinatoka na unga. Mama alisimama akatazama.

"Mwanangu, mbona mmeliharibu?"

"Hatujaligusa bado, mama. Hii ndiyo sura yake. Ile uliyokuja nayo ilikuwa ya mafuta."

Hakuridhika papo hapo, na sioni kwa nini angeridhika. Lakini hatua ile ilikuwa ya lazima, na ilikuwa bora aione kabla ya mashine kuwashwa kuliko baadaye.

Uchunguzi

Hapa ndipo kisa kilipoamuliwa, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Rangi ya gari la kiwandani, ukijumlisha tabaka zote kuanzia praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, mara nyingi huwa kati ya maikroni 100 na 150 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa namna hiyo. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni, tabaka la juu kabisa ni klia isiyo na rangi, ambayo kwa kawaida huwa kama maikroni 35 hadi 50. Chini yake ndipo ilipo rangi yenyewe, nayo haina mng'ao wake. Imetengenezwa iwe butu, na klia ndiyo inayoipa uhai. Magari mengi ya zamani, hasa yenye rangi zisizo na chembe za metali kama nyekundu na nyeupe, hayakuwa na klia. Rangi yenyewe ndiyo ilikuwa tabaka la juu.

Tofauti hiyo hubadilisha kila kitu. Rangi isiyo na klia ikichakaa, kinachotokea ni kwamba miale ya jua na oksijeni vimevunja gundi inayozishika chembe za rangi. Chembe zinalegea na kubaki juu kama unga, mwanga unatawanyika kila upande, na jicho linaona weupe. Ukiondoa unga huo kwa uangalifu, chini yake kuna rangi ileile ikiwa nzima. Klia ikichakaa mno, hadithi ni nyingine: inapasuka, inaachia rangi ya chini, inabanduka. Hakuna polishi inayoweza kurudisha kitu kilichokwisha kubanduka.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kitambaa cheupe. Polishi laini kidogo, kitambaa safi, sehemu isiyoonekana sana, sugua kwa mkono. Kwenye milango, madigadi na buti, kitambaa kilitoka chekundu: hakuna klia, ni rangi ya awali ya kiwandani. Kwenye boneti kilitoka na uchafu wa kijivu tu: kuna klia.

Paa halikuhitaji jaribio. Lilikuwa na mabaka meupe, na kwenye ukingo wa mabaka hayo ukiweka ukucha kipande chembamba cha klia kinanyanyuka. Nitaje hapa jaribio la maji, kwa kuwa wengi wanalitegemea. Ukimwagia maji sehemu iliyofifia na rangi ikarudi kwa muda, watu husema basi itatibika. Kwenye gari hili maji yalirudisha wekundu wa milango na yakarudisha wekundu wa paa pia. Milango ilitibika, paa halikutibika. Kinachotofautisha ni ule ukingo: ukiona mahali klia inapoishia, mahali ukucha unapokwama, kazi ya polishi imekwisha hapo.

Kisha kikaja kipimo cha unene. Milango ilisoma kati ya maikroni 100 na 120, buti pungufu kidogo, sawa na rangi ya kiwandani iliyoliwa na miaka. Boneti ilisoma kama 215 katikati. Fundi anayesoma namba hiyo peke yake anapumua: ina nyama ya kutosha, leta pedi ya manyoya na kampaundi kali.

Namba hiyo ni ya kweli na inapotosha. Kipimo cha kawaida cha gereji hupima jumla ya kila kitu kilicho juu ya chuma. Boneti hii ilipulizwa juu ya rangi ya zamani, kwa hiyo sehemu kubwa ya zile 215 ni rangi ya kiwandani, praima mpya na rangi mpya. Kinachokatwa na kampaundi ni klia, na kipimo hakisemi klia imebaki kiasi gani. Vipo vipimo vya mawimbi ya sauti vinavyoweza kutenganisha tabaka, lakini ni vifaa ambavyo karakana nyingi hazina, na hii haikuwa nacho.

Kilichotusaidia ni paa lile lile lililokufa. Boneti na paa vilipulizwa pamoja, kwa mikono ileile. Paa lilisoma kama 225 mahali klia ilipokuwa bado imeshika, na kama 185 mahali ilipobanduka. Tofauti ni 40, na hiyo ni picha nzuri ya klia iliyopulizwa siku ile. Halafu kwenye boneti kipimo kikasogezwa hadi kwenye ukanda mwembamba ulio karibu na kioo cha mbele, nyuma ya waipa, ambako pedi ya mashine haifiki vizuri. Hapo kikasoma kama 235. Katikati ya boneti 215, kwenye ukanda ambao haukuguswa 235: maikroni 20 hivi zilikuwa zimeshaliwa na polishi za miaka iliyopita. Mikono ya mpulizaji haitoi unene ulio sawa kila mahali, kwa hiyo haya ni makadirio. Lakini ni makadirio yanayoelekea upande mmoja: klia ya boneti ilikuwa imebaki nusu, au pungufu ya nusu.

Ushahidi wa mwisho ulifunga mjadala. Boneti hii ina mikunjo miwili inayopanda kutoka kwenye taa kuelekea kioo. Kitambaa cheupe kiliposuguliwa juu ya mkunjo wa kulia, kikatoka na mstari mwembamba wa waridi. Pale juu ya mkunjo klia ilikuwa imekwisha. Mikunjo na kingo ndizo zinazokwisha kwanza, kwa kuwa pedi hukandamiza eneo dogo na rangi huwa nyembamba hapo tangu mwanzo.

Bampa zote mbili ni za plastiki, na kipimo cha chuma hakisomi plastiki. Ziliandikwa tu kuwa hazijulikani.

Maamuzi na sababu zake

Milango, madigadi na buti vilipangiwa matibabu kamili, kwa kuanzia na mafuta ya polishi kabla ya kukata chochote. Rangi ya zamani isiyo na klia huwa kavu na yenye vinyweleo. Ukianza kuikata ikiwa kavu, unga unajaza pedi, pedi inapata joto, na unaondoa rangi nyingi kuliko inavyohitajika.

Boneti ingepigwa kwa mashine ya DA, ile ambayo pedi yake huzunguka huku ikitikisika pembeni, kwa pedi laini ya sponji na polishi ya kumalizia. Kampaundi haingeigusa, na mashine ya mzunguko mmoja vivyo hivyo, kwa kuwa hiyo hukata haraka, hukusanya joto mahali pamoja, na mikononi mwa asiye makini ndiyo iliyoacha ile mikwaruzo ya mviringo iliyoonekana chini ya tochi. Mikunjo yote miwili ingefunikwa kwa tepu ya karatasi na kubaki hivyo mpaka kazi iishe. Lengo liliandikwa kabla ya kuanza: ukungu uondoke, mikwaruzo mirefu ibaki.

Paa lisiguswe na mashine kabisa. Pedi ikipita kwenye ukingo unaobanduka, huunyanyua na kuupanua, na rangi butu iliyofunuliwa haiwezi kung'aa hata ukiipiga siku nzima. Bampa zifanywe kwa mkono, kwa sababu plastiki haisambazi joto kama chuma na unene wake haukujulikana.

Mama hakulikubali la paa kirahisi. Alisema paa ndilo analoliona kila asubuhi akiwa kibarazani. Alipewa njia mbili: liachwe lilivyo, au lipelekwe kwa mpuliza rangi likasuguliwe hadi penye kushika na kupulizwa upya. Ipo na njia ya tatu ambayo hatukumpa, ya kulipaka mafuta ya kuficha mabaka ili aondoke ametabasamu. Rangi ingekoza kwa siku chache, kisha tungekuwa tumefanya kazi ileile ya dizeli kwa chupa nzuri zaidi. Akachagua liachwe kwanza.

Lilizungumzwa pia wazo la kuipiga boneti msasa wa maji na kuipulizia klia mpya. Kiufundi lilikuwa pendekezo zuri kuliko polishi. Lilikataliwa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amesema rangi isipulizwe, na boneti, tofauti na paa, bado ilikuwa na njia nyingine.

Kazi yenyewe

Milango ilipakwa polishi yenye mafuta mengi na ukali kidogo sana, kwa mkono, kwa kitambaa kizito cha pamba, sehemu baada ya sehemu. Kitambaa kilikuwa kinajaa wekundu na kugeuzwa, kikijaa tena kinawekwa kando. Mama alishtuka alipoviona vile vitambaa vimelundikana: "Fundi, mbona rangi yote inatoka?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kilichokuwa kinatoka ni rangi iliyokwisha kufa, ile ambayo kidole chake mwenyewe kingeitoa. Tabaka la mafuta likaachwa limekaa usiku kucha, likafutwa asubuhi.

Kabla ya kuendelea lilichaguliwa eneo la majaribio la kama nusu mita kwa nusu mita kwenye mlango wa nyuma. Kanuni ni kuanza na kilicho laini kabisa na kupanda ukali endapo tu hakikutosha. Polishi ya kumalizia na pedi laini ziliacha weupe kidogo. Polishi ya kati na pedi ya ugumu wa wastani zikamaliza, na sponji ikageuka nyekundu kabla eneo halijaisha. Hapo ikajulikana kwamba kazi ya ubavu itahitaji pedi nyingi. Pedi iliyojaa rangi haikati tena, inasugua unga juu ya unga na kuzalisha joto. Ilibidi kila baada ya eneo moja pedi ipigwe brashi, na baada ya maeneo machache ibadilishwe na nyingine safi, iliyotumika ikaoshwa na kuanikwa.

Kazi yote ilifanyika kivulini, bodi ikiwa imepoa. Mikunjo ya milango, kingo na raba za madirisha vilizibwa kwa tepu, na tepu ilipotolewa mikunjo ya milango ikamaliziwa kwa mkono. Mashine ilisogezwa polepole, kila mstari ukilalia nusu ya mstari uliotangulia, na kiganja kikiwekwa juu ya bodi mara kwa mara. Ikiwa huwezi kukiacha kiganja pale kwa utulivu, bodi imepata joto kupita kiasi.

Baada ya kila sehemu rangi ilipanguswa kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa sana kwa maji. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha, nayo huonekana tena baada ya kuoshwa mara chache. Kupangusa huko kunaonyesha ni nini hasa kimeondoka. Kwenye rangi isiyo na klia kitambaa kilipitishwa kwa wepesi, mara moja tu, bila kuloweka.

Boneti ilichukua muda mfupi kuliko vyote. Mashine ilipita taratibu, ukungu ukaondoka, chini ya tochi mikwaruzo mingi midogo ikawa haionekani na ile mirefu ikabaki. Hapo mwanafunzi aliyekuwa karibu akasema ikipigwa tena mara moja tu itakuwa kioo. Huenda ingekuwa. Mashine ikazimwa, kwa sababu lengo lilikuwa limeandikwa na limefikiwa, na kile kilichobaki chini ya pedi hakikuwa na akiba. Tepu ilipotolewa, mikunjo ilipakwa waksi kwa mkono tu.

Mwishoni gari lote likapakwa waksi, isipokuwa paa.

Matokeo

Siku ya kukabidhi, ubavu ulikuwa umebadilika kuliko tulivyotarajia. Wekundu ulikuwa wa kina, na ngazi iliyoegemezwa ukutani ilionekana ndani ya mlango wa mbele, vidaraja vyake vikihesabika kimoja kimoja. Boneti ilikuwa nzuri ukiwa umesimama hatua tatu, ya wastani ukiinama nayo kwa tochi. Kipimo katikati yake kilikuwa hakijashuka kwa kiasi ambacho kifaa chetu kinaweza kukitofautisha.

Paa lilikuwa lilelile, na ndilo lililoleta malalamiko. Wiki chache baadaye mama alirudi akisema paa limezidi kuharibika. Lilipochunguzwa mabaka yalikuwa hayajaongezeka. Kilichobadilika ni majirani zake: gari lote lilipokuwa limefifia, paa lilijificha ndani ya uchakavu wa jumla, ubavu ulipong'aa, likabaki peke yake.

Siku hiyohiyo ikaonekana kwamba maji hayatiririki tena kwa matone juu ya buti wala boneti, yanatanda. Waksi ilikuwa imekwisha mapema mno. Alipoulizwa gari linaoshwa kwa sabuni gani, akajibu kwa uhakika: kwa sabuni ya vyombo, kama alivyotuona tukifanya. Dizeli alikuwa ameikataza mwenyewe.

Waksi ikapakwa upya, akapewa shampoo ya gari na maelekezo yaliyoandikwa. Miezi iliyofuata ubavu ulishika vizuri. Sehemu ya juu ya buti, inayopigwa na jua moja kwa moja, ndiyo inayofifia kwanza na kuhitaji waksi mapema kuliko milango.

Kilichofaa

Kuosha kabla ya kupima ndiko kulikookoa muda wote uliofuata. Laiti milango ingehukumiwa ikiwa na dizeli yake, ingewekwa kwenye kundi la "afadhali" na boneti kwenye kundi la "mbaya", na nguvu zote zingeelekezwa kwenye boneti, mahali ambapo hazikupaswa kwenda.

Kulinganisha kipimo cha sehemu iliyoguswa na ya sehemu isiyofikiwa na mashine ni mbinu ninayotaka kila fundi aichukue kutoka kwenye kisa hiki. Haihitaji kifaa kipya. Namba moja ya katikati ya boneti inakuambia jumla. Namba mbili, ya katikati na ya ukanda wa nyuma ya waipa, zinakuambia kilichokwisha kutumika. Na palipo na kipande kilichobanduka kwenye gari lilelile, kilichopulizwa siku ileile, usikiache bila kukipima. Palepale penye hasara ndipo panapoonyesha klia ilianza na unene gani.

Kuandika lengo la boneti kabla ya kuwasha mashine nako kulifaa, kwa sababu ya tabia ya kazi yenyewe. Kila pasi ya polishi inaonyesha faida papo hapo na inaficha gharama. Mng'ao unaouona umetokana na kitu kilichoondolewa, na klia ndiyo iliyobeba kinga ya rangi dhidi ya jua. Inavyopungua ndivyo boneti inavyoelekea kule lilikofika paa. Fundi aliyesimama juu ya bodi inayozidi kupendeza hana sababu ya kuacha isipokuwa amejiwekea mpaka akiwa bado hajaanza.

Kilichokwama

Makabidhiano yalikuwa ya mdomo. Mama alielezwa kuhusu shampoo, lakini macho yake yalikuwa yameona sabuni ya vyombo ikitumiwa na mafundi, na alichokiona kikashinda alichoambiwa. Ikiwa mteja yupo wakati unafanya jambo ambalo yeye hapaswi kulifanya nyumbani, mwambie palepale, ndoo ikiwa bado mkononi. Kusubiri siku ya kumpa funguo ni kuchelewa.

Kuhusu paa, maelezo ya kiufundi yalikuwa sahihi na bado hayakutosha. Aliambiwa kwamba paa halitang'aa. Hakuambiwa kwamba litaonekana baya zaidi mengine yaking'aa. Kwa mwenye gari hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na la pili ndilo lililomrudisha karakana. Ingefaa kuupiga mlango mmoja kwanza, kumsimamisha pale aone mlango na paa kwa pamoja, kisha kumwuliza tena kama bado anataka liachwe.

Bampa nazo zilibaki nyuma. Kazi ya mkono ilizisafisha lakini haikuzifikisha kwenye kina cha madigadi yaliyo jirani nazo, na mpaka kati ya vitu viwili unaonekana. Uamuzi wenyewe naona ulikuwa sahihi. Eneo dogo la majaribio kwa mashine, kwa pedi laini na mwendo wa chini, lingeweza kuonyesha kama kuna nafasi ya kwenda mbele kidogo. Halikufanywa.

Hatua iliyobaki

Baada ya mazungumzo ya mara ya pili, mama amekubali paa lipulizwe. Hapa mpangilio wa kazi umesaidia kwa njia ambayo haikukusudiwa. Rangi mpya huchanganywa kwa kulinganishwa na bodi iliyo karibu, na kama paa lingepulizwa kwanza, mchanganyaji angelilinganisha na milango ya waridi. Milango ingekuja kupigwa polishi baadaye na paa lingebaki na rangi ya ugonjwa uliokwisha kupona. Sasa mlango ulio wazi kwa kulinganishwa ni ule wenye wekundu wake halisi, nao utasafishwa waksi kabla ya kulinganishwa.

Paa litasuguliwa hadi klia yote iliyolegea iishe, siyo mabaka pekee, kisha praima, rangi na klia. Waksi haitapakwa juu yake mpaka upite muda ambao mtengenezaji wa rangi ameuelekeza, ili viyeyusho vilivyobaki ndani vipate kutoka.

Kwenye kadi ya gari hili karakanani, mbele ya neno boneti, imeandikwa kwamba haipigwi tena mashine. Itaoshwa na kupakwa waksi. Siku ikianza kuonyesha weupe kwenye mikunjo, itakwenda kwa mpulizaji ikiwa bado ina klia ya kutosha kusuguliwa na kupulizwa juu yake, kabla haijaanza kubanduka.